Alteneta mpya, batri haichaji? Anza na nyaya
Umenunua alteneta iliyotumika pale Birere, Goma, imefungwa, batri haichaji. Usikimbilie kugombana na muuzaji. Washa injini, pima batri: volti 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikibaki 12 na kitu, angalia ule waya mwembamba wa taa ya batri. Fungua kontakti (zungusha ufunguo) bila kuwasha injini. Taa isipowaka, huenda balbu imekufa au waya umekatika, na alteneta nyingi hazianzi kuchaji bila huo waya. Mafundi wengi hawaupimi kabisa! Taa ikiwaka vizuri, washa injini na taa kubwa, upime toka skrubu nene ya alteneta hadi chanya ya batri: ikizidi nusu volti, waya mnene una kutu au umelegea. Masi (upande wa hasi: toka bodi ya alteneta hadi hasi ya batri) nayo vilevile. Kabla ya kushika spana, zima injini, toa hasi ya batri.