Somo: Mshahara wa kwanza baada ya chuo, usiufunge kabla hujaujua

Ndugu wanachama, hasa mliomaliza chuo karibuni na mmepata kazi, hongereni sana. Katika somo hili nasisitiza jambo moja. Matumizi ya siku moja hayamwangushi sana mhitimu. Kinachomwangusha ni malipo ya kila mwezi anayoyakubali kabla hajaujua mshahara wake. Nguo iliyonunuliwa kwa pupa uchungu wake huisha mwezi huohuo, lakini nyumba ya kodi kubwa au mkopo wa miaka minne utakuwa nao hata siku unapotamani kuacha kazi.

Hatua ya 1: Jua kinachoingia mkononi. Barua ya ajira kwa kawaida hutaja mshahara ghafi. Humo watatoa kodi ya mapato, mchango wa pensheni, pengine bima, na kwa wengi rejesho la mkopo wa masomo. Mimi nilipanga mwezi wangu wa kwanza kwa tarakimu ya kwenye barua, na kufikia tarehe 20 nilikuwa naazima nauli. Soma makato mstari kwa mstari, na usichokielewa kamuulize mhasibu. Ni haki yako.

Hatua ya 2: Miezi mitatu bila mzigo mpya. Ishi karibu na ulivyoishi chuoni. Kama mnashirikiana chumba, baki hapo. Andika kila kinachotoka, kwenye daftari au simu. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu yapo malipo yanayokuja mara moja tu kwa robo mwaka.

Hatua ya 3: Akiba itoke siku ya mshahara. Ukisubiri kitakachobaki, hakibaki. Lenga kwanza matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, halafu mitatu, ukiweza sita. Angalia vizuri: tunapima kwa matumizi, si kwa mshahara. Wengi hufundishwa kugawa asilimia 50 kwa lazima, 30 kwa matakwa na 20 kwa akiba. Kwa mshahara mdogo, mahitaji ya lazima peke yake hupita 50, kwa hiyo usijilaumu. Anza na 5.

Hatua ya 4: Soma riba kabla ya kusaini. Hapa naomba mtulie, maana ndipo wengi wanapoumia. Riba ya "asilimia 10 tu" kwa mwezi si ndogo. Deni la 100 lisipolipwa, riba ikazaa riba, baada ya miezi 12 linakuwa karibu 314.

Kuna na mtego mwingine. Umekopa 1,200 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 20, ikikokotolewa juu ya mkopo wote tangu mwanzo. Riba ni 240, unarejesha 120 kila mwezi. Lakini kila mwezi deni linapungua, na bado unatozwa kana kwamba 1,200 zote ziko mfukoni mwako. Ukilinganisha na riba ya salio linalopungua, mkopo huo ni wa karibu asilimia 35 kwa mwaka. Kwa hiyo muulize mkopeshaji maswali mawili: jumla nitakayolipa hadi mwisho, pamoja na ada zote, ni kiasi gani? Na riba inakokotolewa juu ya salio au juu ya mkopo wote? Akikwepa kujibu, ondoka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina mkopo wa masomo. Nimalize deni kwanza au niweke akiba?*

Weka kwanza akiba ya mwezi mmoja, huku ukilipa rejesho lako bila kuruka. Bila akiba hiyo, ugonjwa mmoja tu utakurudisha kukopa kwa riba kubwa zaidi. Baada ya hapo, pesa ya ziada ielekeze kwenye deni lenye riba ya juu kuliko yote, ambalo mara nyingi si la masomo. Ukipoteza kazi, waandikie wanaokudai kabla hujaruka rejesho.

*Kaka, rafiki yangu tuliyesoma naye anataka nimdhamini mkopo. Naona vibaya kumkatalia.*

Nakuelewa, ni mtihani mgumu. Lakini mdhamini si shahidi, ni mlipaji: mwenzio akishindwa, utadaiwa wewe. Saini tu kama unaweza kulilipa deni lote na bado mkabaki marafiki. Kama huwezi, msaidie kwa kiasi ulicho nacho, umpe bila kukidai.

*Shikamoo mwalimu. Mimi sijaajiriwa, nafanya kazi za muda, mwezi huu nyingi, ujao hakuna. Nitapangaje?*

Marahaba. Chukua miezi sita iliyopita, tafuta uliopata kidogo kuliko yote. Hicho ndicho kipimo chako cha kuishi. Fungua akaunti ya pili, mapato yote yaingie huko, kisha tarehe ileile kila mwezi ujilipe kiasi hicho tu. Mwezi mkavu ukifika, utajilipa kutokana na ziada ya miezi mizuri. Kama mwezi wako wa chini kabisa ulikuwa sifuri, tumia wastani wa miezi mitatu ya chini, na kila baada ya miezi sita upige hesabu upya.