SOMO: Namna ya kufanya utafiti mmoja unaoshika maigizo, afya ya kina mama na netwaki

Salaam aleikum na habari zenu nyote. Wanafunzi wa hapa Mombasa wananiuliza sana hili swali: mtu anataka tasnifu ya uzamili, anapenda maigizo na mambo ya utambulisho, anataka iguse afya ya wanawake, alafu yeye mwenyewe kasomea kompyuta, sasa aanzie wapi. Wengi huishia na tasnifu tatu ndogo zilizoshikishwa kwa gundi, sura ya pili haijuani na ya nne, na mtahini anaiona palepale. Ntawaeleza njia ninayoiamini mimi, na mfano ntakaoutumia mwanzo mpaka mwisho ni upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi, manake ni jambo linaloua mama zetu na linazuilika.

Hatua ya 1: Tafuta swali moja, usitafute fani tatu

Usiseme "nataka kuchanganya". Sema unataka kujua nini. Kwa mfano: je, mwanamke akipata nafasi ya kuuliza jambo la aibu bila kujulikana ni nani, na akaliona linaigizwa mbele ya macho yake, ataenda kupimwa? Liangalie vizuri swali hilo. Kuuliza bila kujulikana, hiyo ni kazi ya netwaki. Kuigizwa ndio jukwaa. Kupimwa ndio afya. Ukitoa kimoja swali linavunjika, na hapo ndipo unajua fani zako zinahitajiana kweli. Kama unaweza kuitoa netwaki na swali likabaki zima, basi itoe, usiibakishe kwa sababu tu diploma yako ni ya hiyo.

Na uzi wa swali hili ni sitara ya mwanamke. Kila uamuzi huko mbele utaupima kwa hiyo sitara.

Hatua ya 2: Ujue ugonjwa kabla hujaandika igizo

Saratani hii karibu yote husababishwa na kirusi cha HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zenye takriban asilimia 70 ya wagonjwa wote. Huchukua miaka mingi kukua, kwa kawaida 15 hadi 20, na kwa mwenye kinga dhaifu kama anayeishi na HIV bila dawa inaweza kuwa 5 hadi 10. Kwa hivyo nafasi ya kuiwahi ipo kubwa mno. Serikali ilizindua chanjo ya HPV hapahapa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, lakini mama zao hawakuipata wakiwa wadogo, wao tegemeo lao ni kupimwa. Kipimo cha siki, kile wauguzi wanakiita VIA, ni rahisi: mlango wa kizazi unapakwa siki iliyozimuliwa, unangojwa kama dakika moja, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Kuna pia kipimo cha HPV chenyewe ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, na hiki kwa watu wa kwetu wanaoona haya kuvuliwa nguo ni neema kubwa, usikiache nje ya igizo.

Kaa na muuguzi wa kliniki akusomee skripti yako. Igizo likisema uongo mmoja tu wa kitabibu, umeharibu kazi na umewadhuru watu.

Hatua ya 3: Vibali

Anza mapema. Kwanza kamati ya maadili ya chuo, kisha leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi inayotoa ruhusa ya utafiti, kisha unaripoti kwa kamishna wa kaunti na watu wa afya wa kaunti kabla hujagusa mtaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, kwa hivyo andika waziwazi utakusanya nini, utaweka wapi, utafuta lini. Mtaani pita kwa wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vikundi vya kina mama, wao ndio wanaojua nyumba.

Hatua ya 4: Igizo lenyewe

Hapa usikimbilie nje. Mombasa wanawake walikuwa na vyama vya lelemama, wakishindana kwa ngoma, mavazi na nyimbo za mafumbo, wakisemana na kusema ya mji mbele ya watu. Mtafiti Margaret Strobel alichapisha mwaka 1979 utafiti kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kuanzia 1890 hadi 1975 na lelemama imo ndani, kautafute maktabani. Kwa hivyo mwanamke wa pwani kusema jambo zito kupitia umbo la sanaa si kitu cha kuletewa na mradi. Umbo lipo, wewe linyanyue.

Mbinu ya jukwaa yenyewe nashauri ile ya Augusto Boal, mwanamaigizo wa Brazil. Mnaigiza kisa kinachoishia vibaya, mathalan mama katokwa na damu, kaambiwa na mkwewe ni mambo ya kawaida, mume kauliza huko kliniki unaenda kuonyesha nini, akakaa kimya mpaka ugonjwa ukamzidi. Alafu mnarudia kisa, na mwanamke yeyote kwenye mkeka anaruhusiwa kusema "hebu simama", akaingia nafasi ya yule mama na kujaribu njia yake. Mwendeshaji yuko pale kuwauliza watu: hii ingewezekana kwenu? Na mazoezi yawe wazi, kina mama waingie na kuwarekebisha, kama walivyofanya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kule Limuru 1977, waliosahihisha igizo lao wenyewe mazoezini kabla serikali kulifutia kibali.

Sasa sikilizeni hili maana ndilo wanafunzi wanalipita mbio. Mwanamke akiingia jukwaani hasemi kama yeye, anasema kama mke mwenza, kama mkwe, kama bibi arusi, na palepale anaweza kutamka jambo ambalo kama nafsi yake asingelitamka maisha. Huo ndio utambulisho unaoutafiti: ni nani anachagua kuwa nani, na akiwa huyo anaruhusiwa kusema nini. Lakini maneno ya jukwaani si ushahidi wa maisha yake! Usiandike kwenye daftari "mshiriki alisema mumewe alimkataza". Andika "katika nafasi ya mke, mshiriki aliigiza kukatazwa". Ukichanganya hizo mbili umemvua mtu sitara aliyokuwa kajifunika, na pia kitaaluma umekosea data.

Video usichukue. Weka watu wawili waandike, walinganishe baadaye.

Hatua ya 5: Netwaki

Watu hushangaa nikisema tusitumie intaneti, na nyaya za chini ya bahari zinatua hapahapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy 2010. Sawa, zinatua, ila bando bado ni pesa ya mtu, na Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika huko baharini upande wa kusini, Afrika Mashariki yote tulikuwa tunatambaa. Zaidi ya hayo, swali la mwanamke kuhusu mwili wake halina sababu ya kusafiri mpaka seva ya nchi nyengine ndio lirudi kwa mwendeshaji aliyekaa hatua chache kutoka kwake.

Kwa hivyo netwaki yako ianzie na kuishia ukumbini: kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ruta moja ya kando (waifai ya hiyo kompyuta yenyewe huchoka simu zikiwa nyingi), pawabanki, na ukurasa mmoja wenye kisanduku cha kuandika swali. Hakuna kujisajili, hakuna jina. Mama anaandika, mwendeshaji anasoma kwa sauti, waigizaji wanalifanya kisa.

Masafa tumia 2.4 GHz, hupenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz, na chaneli chagua kati ya 1, 6 na 11 kwani hizo haziingiliani. Kama uko Mji wa Kale, zile kuta nene za mawe ya matumbawe zinameza mawimbi vibaya sana, basi ruta ikae kwenye ukumbi uleule wa watu, si chumba cha pili. Na waambieni watu wazime data ya simu, manake simu ikiona waifai haina intaneti mara nyingi inaikimbia kimyakimya na ukurasa haufunguki.

Sasa usiri. Mtu akishasema "sikuuliza majina" anadhani kamaliza, na hajamaliza. Ruta inapoipa kila simu anwani yake ya netwaki (kazi hiyo inaitwa DHCP), inaandika faili lenye nambari ya waifai ya simu, ile MAC, na mara nyengine jina la simu lenyewe, na iPhone nyingi zimepewa jina la mwenyewe. Kwa hivyo jina la Fatma liko kwenye kifaa chako na Fatma hajui. Faili hilo liweke kwenye kumbukumbu ya muda (RAM) ili umeme ukizima lifutike, zima rekodi za seva ya wavuti, na swali usiliandikie saa na dakika, andika tu lilikuwa onyesho gani, kwa sababu aliyekaa nyuma akiona nani alishika simu saa fulani anaweza kuoanisha. Jambo la mwisho, kwenye WPA2, ule ulinzi wa waifai uliozoeleka, wote wakitumia nywila moja, mjuzi aliye ndani ya ukumbi anaweza kusoma ya wenzake. WPA3, ulinzi mpya zaidi, inaziba hilo, ila simu za zamani haziikubali, basi weka pia cheti cha HTTPS kwenye ukurasa wako, ili yanayoandikwa yasafiri yakiwa yamefichwa.

Hatua ya 6: Kupima matokeo

Kila mama apewe kadi ya rufaa isiyo na jina, yenye msimbo wa onyesho tu. Akienda kupimwa anaiacha kliniki. Wewe unahesabu kadi, huhesabu watu kwa majina. Kwa upande wa netwaki ripoti maswali mangapi yalitumwa na mangapi yalifika, na kuchelewa kwake. Kwa upande wa jukwaa, chambua nafasi zilizochukuliwa na njia zilizojaribiwa. Kila fani ihukumiwe kwa kipimo chake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi wa Tudor: Shukran mwalimu. Msimamizi wangu ni wa kompyuta, ananambia maigizo si sayansi niyatoe. Nifanyeje?

Jibu: Usibishane naye kwa maneno mwanangu, mpelekee swali lako moja na umuonyeshe likitolewa igizo linakufa. Alafu omba msimamizi wa pili kutoka fasihi au afya ya jamii, vyuo vingi vinaruhusu. Yeye abaki na sura ya netwaki, aikague kwa ukali wake wote, itakusaidia.

Bi Mwanaisha wa Likoni: Na waume zetu je? Wengine hapa mke hatoki bila kumuaga mume, si mtaleta fitina majumbani?

Jibu: Dada umeuliza la maana. Kibali cha utafiti ni cha mwanamke mzima mwenyewe, hakuna mwengine wa kumtilia saini. Lakini mtaani tunaingia kwa heshima, wazee na maimamu wanaelezwa mapema kazi ni nini, na ikiwezekana wanaume wafanyiwe onyesho lao siku nyengine, wao ndio wanaohitaji kukaa kwenye nafasi ya yule mume na kuona neno lake linafanya nini. Msiwachanganye ukumbi mmoja mara ya kwanza.

Hassan B: Nimepanga kina mama 200 kutoka vikundi 10 vya chama. Inatosha?

Jibu: Angalia, walio kikundi kimoja wanafanana, wanasikilizana, kwa hivyo hawahesabiki kama watu 200 walio mbalimbali. Kikundi kina watu 20, ukikadiria mfanano wa ndani ya kikundi ni 0.05, unachukua 1 kujumlisha 19 (yaani watu wa kikundi ukitoa mmoja) mara 0.05, unapata 1.95. Gawanya 200 kwa hiyo, una kama 103 tu kwa nguvu ya takwimu. Ni bora vikundi 20 vya watu 10 kuliko 10 vya watu 20, kama unaweza kuvifikia.

Muuguzi_Kisauni: Mimi wasiwasi wangu ni huu. Mtu akiandika kwenye hicho kisanduku kwamba anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, na nyinyi hamumjui ni nani, mtamsaidiaje? Si mtakuwa mmemuacha?

Jibu: Dada, hapo ndipo nakuhitaji wewe ukumbini. Swali kama hilo halingoji zamu, mwendeshaji anasimamisha igizo na muuguzi anajibu kwa wote: damu baada ya tendo, damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya usioisha, hizo ni dalili, mtu asisubiri siku ya kupima watu wote, aende kliniki wiki hiihii. Sio kila mwenye dalili ana saratani, na hilo nalo lisemwe ili watu wasitishike. Kisha unabaki nusu saa baada ya onyesho, kwenye chumba cha pembeni chenye mlango, na kila mama ukumbini anapitia humo kuchukua kadi yake ya rufaa, mwenye dalili na asiye nazo, ili anayetaka kukwambia jambo aingie na kutoka bila mtu kumuhisi.

Muuguzi_Kisauni: Hapo sawa. Ntaongea na in-charge wangu, mkiwa tayari nitumieni skripti niisome kwanza.