Mama na Mabinti Mjini: Namna ya Kupanga Mwisho wa Juma wa Tamthilia ya Muziki

Safari ya siku mbili ya mama na binti zake kwenda mjini kutazama tamthilia ya muziki huharibika mara nyingi kwa sababu moja: mpangaji huanza na hoteli na nauli, kisha huja kutafuta tiketi za onyesho wakati viti vilivyobaki vimetawanyika huku na huko, au viko nyuma ya nguzo. Geuza utaratibu huo. Onyesho ndilo mhimili wa safari, kwa hiyo saa yake ijulikane kwanza, viti vilipiwe, na mengine yote, tangu treni hadi kitanda, yapangwe kuizunguka saa hiyo.

Kabla ya kuchagua tarehe ni vyema kufahamu juma la kazi la ukumbi lilivyo. Katika miji miwili inayosifika zaidi kwa tamthilia za namna hii, yaani London na eneo lake la West End na New York na eneo lake la Broadway, desturi ni maonyesho manane kwa juma, na Jumamosi kwa kawaida huwa na mawili: la mchana na la usiku. Kumbi nyingi za New York hupumzika Jumatatu, na kadhaa za London hupumzika Jumapili, kwa hiyo usidhani kwamba Jumapili ipo tu ya kuokolea mpango wa Jumamosi ulioshindikana. Ushauri wangu, hasa kwa mwenye binti aliye chini ya miaka kumi na miwili, ni onyesho la mchana la Jumamosi. Mtoto huwa bado ana nguvu, mnatoka ukumbini barabara zikiwa bado zina watu, na jioni nzima inabaki ya kula bila haraka na kuyazungumza mliyoyaona. Onyesho la usiku lina fahari yake, na mabinti waliokwisha kukua hulipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ila ukilichagua, uwe umekubali kwamba asubuhi ya Jumapili hakuna atakayeamka mapema.

Hapa kuna mtego mdogo unaotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi ikiandikwa 14:30 maana yake ni saa nane na nusu mchana, na 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Ziandike saa zote za safari kwa mtindo mmoja katika karatasi moja, kwani mama akisema saa mbili na binti akaelewa mbili ya kwenye simu, mmoja wao atasubiri sana.

Kuhusu tamthilia yenyewe, pima mambo mawili: uvumilivu wa kitinda mimba na heshima ya kifungua mimba. Mdogo akichoshwa atawasumbua wote, na mkubwa akiona ameletwa kwenye mchezo wa watoto atanuna hadi Jumapili. Urefu ni kipimo cha kwanza. Tamthilia nyingi huchukua kama saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Les Misérables, iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1985, hukaribia saa tatu na ina vifo vingi, wakati Six, inayowahusu wake sita wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, huchukua takriban dakika 80 bila mapumziko kabisa. Kipimo cha pili ni maudhui. Mamma Mia!, iliyozinduliwa London mwaka 1999, ni hadithi ya mama na binti yake, na mtu angeweza kudhani iliandikwa kwa ajili ya safari kama hii. Lakini kiini chake ni binti anayetaka kujua ni yupi kati ya wanaume watatu aliye baba yake, na mama anayesafiri na mtoto wa miaka saba aamue mwenyewe kama yuko tayari kuyajibu maswali hayo ndani ya treni. Soma pia masharti ya umri, kwa sababu kumbi nyingi haziwaruhusu watoto wadogo sana, na kwa kawaida kila mtoto anayeingia hutakiwa kuwa na tiketi yake hata kama atapakatwa.

Wiki moja au mbili kabla ya safari, wasimulie mabinti kisa kwa ufupi na muisikilize rekodi ya nyimbo zake. Maneno yanayoimbwa na watu ishirini kwa pamoja ni magumu kuyashika, na magumu zaidi ikiwa si lugha inayozungumzwa nyumbani. Mimi husikiliza nyimbo za sehemu ya kwanza tu na kuiacha sehemu ya pili bila kuigusa, ili baada ya mapumziko bado kuwe na jambo la kutushangaza. Kwa binti asiyesikia vizuri, kumbi nyingi kubwa hutenga siku chache zenye maandishi yanayoonyeshwa kando ya jukwaa, na kwa mtoto anayesumbuliwa na kelele au giza kuna maonyesho maalumu ambamo sauti na taa hupunguzwa na watu huruhusiwa kutoka na kuingia. Tarehe hizo ni chache, kwa hiyo ziulizie mapema.

Viti ndipo penye hasara kubwa kwa asiyejua. Ukumbi wa kawaida una sehemu ya chini iliyo usawa wa jukwaa, halafu roshani moja, mbili au tatu juu yake. Watu hukimbilia viti vya chini kwa kudhani ukaribu ndio ubora, lakini mtoto mfupi aliyekaa safu ya kumi na tano ataona kisogo cha mtu mzima kuliko atakavyoona jukwaa. Safu za mbele za roshani ya kwanza mara nyingi ni bora zaidi kwa watoto, kwa sababu sakafu imeinuka na uchezaji wa ngoma huonekana wote kwa pamoja, jinsi wachezaji wanavyojipanga na kupishana. Roshani za juu kabisa ni za bei nafuu, ila ngazi zake huwa za mwinuko mkali, na katika kumbi za zamani huenda kusiwe na lifti ya kufika huko. Mama mwenye magoti mabovu au binti anayeogopa urefu asiende kuteseka huko kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo. Tiketi ikieleza kwamba sehemu ya jukwaa haionekani kutoka katika kiti hicho, iamini. Mkiwa wanne na hampati viti vinne mfululizo, tafuteni viwili mbele na viwili nyuma yake moja kwa moja, kwani mtaweza kunong'onezana, na mdogo akae mbele. Uliza pia kama ukumbi unatoa mito ya kuwainua watoto, na ifuateni mara tu mnapoingia kwa sababu huisha.

Nunua kwenye tovuti ya ukumbi au dirisha lake la tiketi, si kwa muuzaji wa tatu ambaye ameongeza bei kisha akaficha namba ya kiti. Ni kweli kwamba yapo madirisha ya tiketi zilizopunguzwa bei, na lile la TKTS limekuwapo New York tangu mwaka 1973 na London tangu 1980, likiuza zaidi tiketi za siku hiyo hiyo. Hiyo ni njia nzuri kwa watu wawili wasiojali watatazama nini. Kwa mama aliyekwisha kuwaahidi watoto tamthilia fulani, na anayehitaji viti vitatu au vinne pamoja, ni kucheza kamari. Na usinunue kwa sababu ya mwigizaji mmoja maarufu tu, maana waigizaji huugua na huenda likizo kama watu wengine, na wale wa akiba wanaochukua nafasi zao hujua kazi yao barabara. Waambie mabinti mapema.

Malazi hayahitaji maneno mengi. Chagua mahali panapofikika kutoka ukumbini kwa miguu au kwa usafiri mmoja usiobadilishwa, na hakikisha hoteli itapokea mizigo yenu kabla ya saa ya kuingia chumbani, kwa sababu kumbi nyingi hazipokei masanduku. Usichukue treni au basi la mwisho linaloweza kuwafikisha kwa wakati. Chukua lililotangulia, au hata lililotangulia hilo.

Siku ya onyesho kuleni mlo kamili saa mbili hivi kabla ya kuanza, kisha mfike ukumbini dakika arobaini na tano mapema. Ile methali ya kawia ufike haina nafasi hapa: mlango ukishafungwa, aliyechelewa husubiri nje mpaka wahudumu waone pengo la kumwingiza, na huenda wimbo wa kwanza ukampita wote. Muda huo wa mapema utumieni kwenda chooni. Mapumziko ni dakika kumi na tano au ishirini, na foleni ya choo cha wanawake ni ndefu kuliko mtu anavyotarajia. Kwa hiyo taa zikiwaka, binti mmoja aende moja kwa moja na mwingine ashike nafasi kwenye foleni ya vinywaji. Bebeni sweta, kwani kipoza hewa cha ukumbini hakimhurumii mtu. Simu zizimwe, si kunyamazishwa tu, kwa sababu mwanga wake gizani huonekana safu nyingi nyuma. Kuhusu vitabu vya onyesho, Broadway hutolewa bure na London huuzwa. Mpe kila binti kiasi chake cha fedha za ukumbusho kabla hamjaingia, na mabishano ya mbele ya meza ya fulana hayatakuwapo.

Baada ya pazia kufungwa, mabinti wengine hutaka kwenda kwenye mlango wa waigizaji kuomba sahihi. Baada ya onyesho la mchana uwezekano ni mdogo, kwa kuwa waigizaji wengi hubaki ndani wakipumzika kabla ya lile la usiku, na hata usiku hakuna anayelazimika kutoka. Subirini dakika ishirini, kisha nendeni mkale.

Jumapili wekeni jambo moja tu, na achague binti ambaye hakuchagua tamthilia: jumba la makumbusho, bustani, soko, au kulala hadi saa nne. Tiketi za kurudi ziwe za alasiri ya mapema, na viti vikiwezekana viwe vya kuelekeana, kwa sababu mtaimba njia nzima na ni vigumu kuimba pamoja mtu akiwa amekupa mgongo.