Fuata majina: namna ya kujua wanafunzi wa L1 (mwaka wa kwanza wa chuo) wanapotelea wapi

Tuseme apariteri (ofisi ya kuandikisha wanafunzi) ya chuo kimoja cha Bukavu, mashariki mwa Kongo, imeandika: L1 mwaka jana watu 258, mwaka huu 260. Kwa kutazama namba hizo, chuo kinakua. Sasa toa wanaorudia mwaka. Mwaka jana walikuwa 18, kwa hiyo wapya walikuwa 240. Mwaka huu ni 24, kwa hiyo wapya ni 236. Waingiaji wamepungua, na pengo limezibwa na waliofeli. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa majina, mmoja mmoja.

Chukua orodha tatu: ya apariteri (waliojiandikisha), ya kasa, yaani ofisi ya malipo (waliolipa tranche, yaani sehemu, ya kwanza ya minervali, ada ya masomo), na PV za delibere (orodha rasmi za matokeo ya mitihani), sesioni ya kwanza na ya pili. Ziunganishe kwenye jedwali moja la Excel, mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, kwa namba ya matrikule (namba ya usajili ya mwanafunzi). Usiunganishe kwa jina. Cirhuza wa apariteri anaweza kuwa Ciruza kwa kasa, na kwenye PV jina la ubatizo likatangulia. Kompyuta itaona watu watatu, nawe utalia kwamba wawili wameacha masomo. Asiye na matrikule, mtafute kwa tarehe ya kuzaliwa na shule aliyopatia diplome d'État (cheti cha kumaliza sekondari).

Kisha weka siku ya kuhesabu. Siku ya 15 baada ya kozi ya kwanza inafaa, na iwe hiyohiyo kila mwaka hata kama muda wa kujiandikisha umeongezwa. Anayehesabiwa ni yule aliyelipa tranche ya kwanza, au aliyesaini orodha za waliohudhuria katika majuma hayo mawili. Kuna vijana wanaonunua fishi (fomu za kujiandikisha) ISP, chuo cha ualimu, na ISDR, chuo cha maendeleo ya vijijini, kwa pamoja, halafu wanachagua moja. Ukimhesabu mtu wa namna hiyo, utamwita aliyeacha wakati hakuanza.

Kuna mtego mkubwa katika rejista za zamani. Kabla ya LMD (mfumo wa Licence-Master-Doctorat), L1 ilikuwa mwaka wa nne, baada ya G1, G2 na G3, miaka mitatu ya graduat, shahada ya kwanza ya zamani. LMD ilipoanza kutumika kwa jumla mwaka wa masomo 2021-2022, L1 ikawa mwaka wa kwanza, huku L1 ya mfumo wa zamani ikiendelea palepale. Rejista ya mwaka ule ina L1 mbili. Ongeza safu moja ya «mfumo» na uijaze kwa mkono kabla ya hesabu yoyote, la sivyo utalinganisha vijana waliotoka sekondari juzi na watu waliokwisha kupata graduat.

Sasa fuata wale wapya 240 mpaka mwaka uliofuata. Waliopanda L2 ni 138, wanaorudia L1 ni 24. Jumla 162, gawa kwa 240: asilimia 67.5 wamebaki. Anayepanda L2 akiwa na deni la krediti (kozi za L1 ambazo hajafaulu) mwandike pembeni. Yuko L2, lakini yuko hatarini. Ikiwa 9 wengine wamehamia chuo kingine, wanaoendelea na masomo ni 171, asilimia 71.25. Vyuo vya miaka miwili vya Marekani hutenganisha namba hizo mbili, na inafaa kuiga: ya kwanza inapima chuo, ya pili inapima maisha ya mwanafunzi.

Baada ya hapo uliza walipotea lini. Hapa ndipo penye faida. Aliyetoweka kabla ya mtihani wa semesta ya kwanza, mara nyingi ni pesa au nauli. Aliyefanya mtihani asirudi, tazama matokeo yake kwanza. Aliyefaulu vizuri halafu hakujiandikisha L2 ndiye wa kumtafuta leo hii, maana hakushindwa na masomo.

Mpigie simu ndani ya siku 7 tangu akose kozi mbili mfululizo. Baada ya mwezi namba huwa imeshabadilika. Kama haipatikani, pitia kwa CP (kiongozi wa wanafunzi) wa promosheni, yaani darasa lake. Asipige mtu wa kasa: familia itadhani anadai minervali na haitapokea tena. Uliza tu yuko wapi, nini kilimzuia, na angehitaji nini ili arudi. Jibu liandike chini ya neno moja: pesa, ugonjwa, uzazi, kazi, matokeo, usalama, amehama. Safu ya «mengineyo» ikizidi mtu mmoja kwa kumi, aliyeuliza hakusikiliza.

Neno «usalama» lisichanganywe na kuacha masomo. Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga na watu wakakimbilia Uvira na Burundi. Kwa mwaka ule, orodha ya kasa peke yake haithibitishi lolote. Mwandike «amehama kwa vita», uache mstari wake wazi, na matrikule yake asipewe mtu mwingine.

Ukishajua wanapotelea wapi, anza na dogo linaloweza kulipika. Kama wengi hutoweka juma la kudai tranche ya pili, igawe mara tatu na tarehe zisigongane na mtihani. Kama wanaokosa ni wa Bagira na Panzi, sehemu za pembeni za mji, pangeni kozi zao siku nne badala ya sita. CUNY, chuo kikuu cha jiji la New York, ilianza mwaka 2007 ASAP, programu ya kuwasaidia wanafunzi wamalize masomo: nauli, vitabu, na mshauri mwenye wanafunzi wachache. Katika utafiti uliofuata, baada ya miaka 3 asilimia 40 walihitimu, dhidi ya 22 kwa wenzao waliokosa msaada huo.