Kabla ya kununua nyumba ya kupangisha, piga hesabu ya miezi 11

Dalali atakupigia hesabu ya miezi 12 ya kodi. Wewe piga ya 11, maana mpangaji akihama nyumba hukaa tupu, rangi ikipakwa na mabomba yakirekebishwa.

Chukua nyumba ya milioni 100 inayopangishwa kwa laki 8 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni milioni 9.6 kwa mwaka, faida ya asilimia 9.6. Toa mwezi mmoja mtupu, inabaki 8.8. Tenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa matengenezo (kwa nyumba kongwe hiyo haitoshi), umebaki na 7.8. Kama kuna msimamizi anayekata asilimia 10 ya kodi, uko chini kidogo ya milioni 7. Bado hujalipa bima wala kodi ya serikali. Sasa linganisha na riba ya mkopo: ikiwa benki inataka asilimia 8 kwa fedha yote hiyo, utakuwa unatoa hela mfukoni mwako kila mwaka ili mtu mwingine akae humo.

Wengine hukubali hivyo wakitegemea bei ya nyumba ipande. Inaweza kupanda, lakini huwezi kuuza chumba kimoja ukikwama.

Mambo hugeuka ukiwa na mkopo wa riba isiyobadilika, kwa sababu rejesho hubaki palepale huku kodi ya mpangaji ikipanda taratibu. Na hati ichunguzwe na wakili wako, asiwe wa muuzaji.