Kuchora majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ukiwa pale pale, bila rula

Vifaa usijitese navyo. Daftari la A5 lenye karatasi nzito kidogo, penseli 2B, peni ya wino usiochujuka na maji, basi. Raba acha nyumbani, manake ukiwa nayo utashinda unafuta dirisha moja huku jua linahama.

Tuanze na ile Dispensari ya Zamani ya Mizingani, iliyomalizika 1894, yenye roshani za mbao. Nenda alasiri. Uso wake unatazama baharini, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni kwake na mbele kote ni kivuli, huoni roshani imetokeza wapi. Tafuta kivuli upande wa Mtini, pale penye ule mti mkubwa, kaa.

Hatua ya 1: mstari wa macho. Kabla ya ukuta wowote, piga mstari mwepesi wa kulala, ndio urefu wa macho yako. Ukichora umesimama, vichwa vya watu wazima waliosimama vitaangukia karibu na mstari huo hata wawe mbali vipi, miguu tu ndo inapanda na kushuka. Ukiwa umekaa mstari unashuka nao, unawapita kifuani huko au kiunoni.

Hatua ya 2: boksi. Nyoosha mkono, kiwiko kisikunjike, fumba jicho moja, pima kwa penseli urefu wa ghorofa moja halafu uone upana wa jengo unaingia mara ngapi. Kipimo chako kiwe hicho hicho mpaka mwisho. Piga boksi zima hafifu, na kama halienei kwenye karatasi anza upya sasa hivi, sio baada ya kuchora nakshi.

Hatua ya 3: kugawa. Upande unaokimbilia mbali, piga X kutoka kona hadi kona, zinapokatana ndio katikati yake, na utashangaa kukuta nusu ya mbali ni nyembamba kuliko ya karibu. Gawa tena hivyo hivyo upate nafasi za nguzo za roshani. Nguzo kwanza, urembo baadaye. Nakshi chora vizuri kona moja tu iliyo karibu na wewe, kwingine gusagusa, jicho la mtazamaji litajazia lenyewe.

Sasa ingia vichochoroni, hapa ndo watu wengi wanakwama. Wamefundishwa kwamba mistari yote inakutana nukta moja, sasa kichochoro cha Mji Mkongwe hakijanyooka, kinapinda, nyumba hii imegeukia huku na ile kule. Kila ukuta una nukta yake ya kukutania, ila nukta zote zinakaa kwenye ule ule mstari wa macho (kama kichochoro hakina mteremko). Kwa hiyo chukua ukuta mmoja mmoja: vilivyo juu ya macho yako, yaani vizingiti, roshani, ukingo wa paa, vinashuka kadiri vinavyoenda mbali, na vilivyo chini kama baraza vinapanda. Ukuta ukipinda, mteremko wa mistari unabadilika palepale kwenye kona. Ukilipata hilo kichochoro kinafunguka chenyewe, kwa kweli mi naona ni rahisi kuliko barabara iliyonyooka.

Mlango wa nakshi anza na mfaa, ule mti wa katikati, ndipo mabawa yafuate.

Vivuli mwisho. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, kivuli cha chini ya roshani kichore kama umbo moja, mistari ya upande mmoja, usikipakepake. Nyaya za umeme piga kwa mkupuo mmoja, zilegee kidogo.

Watoto watakuzunguka, hawana shida. Mtu aliyekaa barazani kwake muombe kwanza, ndipo umchore. Na andika saa pembeni, ukirudi kumalizia uje wakati ule ule, la sivyo utakuta vivuli vimehamia upande mwingine.