Ninavyoandaa wasifu wa redio wa jenerali aliyekuwa waziri

Mwaka wa tisa huu natayarisha wasifu wa viongozi kwa kipindi cha redio hapa Mombasa. Ni robo saa kila Ijumaa jioni, watu wakiwa kwenye matatu wanarudi Kisauni na Likoni, au wamekaa barazani na kahawa yao. Wasifu unaowatoa jasho zaidi vijana wanaokuja kujifunza kazi ni wa mwanajeshi aliyeingia serikalini. Wanaandika, "Alikuwa jenerali, baadaye akawa waziri," kisha hawajui waendelee vipi. Nitaeleza ninavyofanya mimi, na mfano wangu ni Meja Jenerali Joseph Nkaissery.

Chukua daftari la kawaida, ukurasa ulale ubavu, uchore safu nne. Ya kwanza mwaka, ya pili cheo, ya tatu "nani kampa", ya nne "nani kaguswa". Safu mbili za mwanzo zitajaa kwa nusu saa. Alizaliwa 1949 Ilbissil, Kajiado. Aliingia jeshini 1973, akapanda hadi Meja Jenerali. Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Kajiado ya Kati kwa tiketi ya chama cha KANU, akarudi bungeni 2007 na 2013 kwa chama cha ODM. Katika serikali ya mseto ya 2008 akawa Waziri Msaidizi wa Ulinzi. Desemba 2014 akateuliwa Waziri wa Usalama wa Ndani, na akafariki tarehe 8 Julai 2017, mwezi mmoja kamili kabla ya uchaguzi mkuu.

Cheo kitaje kama kilivyo. Meja Jenerali yuko juu ya Brigedia na chini ya Luteni Jenerali, na Jenerali kamili katika majeshi ya Kenya ni Mkuu wa Majeshi. Kichwa cha kipindi kinaweza kusema "jenerali" kwa ufupi, kama nilivyofanya hapa, lakini mara ya kwanza unapomtaja hewani toa cheo kizima. Mtongwe kuna kambi ya wanamaji, na wastaafu wa jeshi wanatusikiliza. Ukikosea cheo, hawaamini tena yanayofuata.

Sasa safu ya tatu, na hapa usiwe na haraka. Kila cheo kiulizie: mamlaka haya yalitoka kwa nani, na mwenyewe alikuwa akijibu kwa nani? Nkaissery wa jeshini alipokea amri kutoka juu na kuzishusha chini. Nkaissery wa 2002 alilazimika kuomba kura kwa wafugaji wa Kajiado. Mtu aliyezoea kupigiwa saluti sasa anasimama chini ya mgunga kuomba. Hiyo miaka kumi na miwili ya ubunge ndiyo vijana wanaoiruka, na ndiyo inayoeleza kwa nini rais alimwendea mbunge wa upinzani wakati nchi imetikisika.

Na ilitikisika kweli. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa Mandera. Tarehe 2 Desemba wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe wakauawa huko huko, na siku hiyo hiyo jina la Nkaissery likatangazwa. Hapa kwetu, katikati ya Novemba, polisi walikuwa wamevamia misikiti, ikiwemo Masjid Musa na Sakina. Msikilizaji wa Majengo anaikumbuka wiki hiyo kwa mwili wake. Mkumbushe kwa sentensi moja, halafu uendelee.

Katika safu hii niliwahi kukosea vibaya. Nilisema hewani kwamba alipokuwa waziri alikuwa bado mbunge, kama zamani. Simu ilipigwa kabla kipindi hakijaisha. Mzee mmoja, karani wa mahakama mstaafu, alinisomea Katiba ya 2010, Ibara ya 152: Waziri hawezi kuwa Mbunge. Nkaissery alikiacha kiti, na Kajiado ya Kati ikafanya uchaguzi mdogo mwaka 2015. Wiki iliyofuata nilisahihisha mwanzoni kabisa mwa kipindi, kwa sauti ile ile niliyokosea nayo. Tangu siku hiyo, kila ninapoandika "waziri" naifungua Katiba kwanza. Na ukitaka kusema jina la mteule lilivyopitishwa bungeni, soma mwenyewe kumbukumbu rasmi za Bunge. Usitegemee gazeti lililofupisha.

Ukitaka kuona safu ya tatu inavyobadilika kwa nchi, waweke jirani watu wa Tanzania. Mrisho Sarakikya aliongoza jeshi lao kuanzia 1964 hadi 1974, kisha akawa waziri. Abdallah Twalipo alimrithi jeshini, na mwaka 1980 akawa Waziri wa Ulinzi. Huko enzi za chama kimoja, mwanajeshi aliruhusiwa kuwa mwanachama wa chama, kwa hivyo njia ya kutoka kambini hadi barazani kwa mawaziri ilikuwa fupi. Nkaissery alipita kwenye sanduku la kura. Dakika moja ya mlinganisho inatosha.

Safu ya nne ni nzito, na wengi huiacha tupu. Usikubali. Mwaka 1984 jeshi lilifanya operesheni ya kukusanya silaha Pokot Magharibi. Wakaazi wamesimulia kwa miaka mingi juu ya watu waliouawa na ng'ombe waliozuiliwa Lotiriri wakafa kwa njaa. Nkaissery alikuwa afisa katika operesheni hiyo, na suala hilo lilimfuata hadi alipohojiwa na wabunge Desemba 2014. Simulizi hiyo isome polepole, bila muziki chini yake. Usiipambe wala usiinyonge. Wapo waliompenda Nkaissery kwa dhati, na wapo waliobeba machungu ya operesheni ile, na wote wana haki ya kusikia wasifu mmoja.

Kisha leta Aprili 2015. Tarehe 2, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye waziri huyu, aliyekuwa mwanajeshi, alitangaza msamaha: vijana waliokwenda Al-Shabaab wajisalimishe kwa serikali ndani ya siku kumi. Nchi nzima ilisikia habari ya usalama. Pwani tulisikia habari ya watoto wetu. Nakumbuka mama mmoja alikuja hadi mlangoni kwa studio, buibui limejaa vumbi la njiani, ameikunja karatasi ndogo mkononi. Hakutaka kuingia. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu wangu akirudi, n'ende naye kwa nani? Na wakishampokea, nitamuona?" Karatasi ilikuwa na jina la kijana na tarehe aliyoondoka, basi. Nilimtajia ofisi za serikali, nikamsindikiza hadi barabarani. Jibu la swali la pili sikuwa nalo.

Swali lile nimeliweka dakika ya kumi na moja ya wasifu wa Nkaissery, bila jina la mama wala la kijana. Nimelisoma kama alivyolisema, nikaacha sekunde tatu za kimya. Fundi mitambo alidhani matangazo yamekatika akanyoosha mkono, nilimzuia. Baada ya kimya hicho natoa tarehe 8 Julai 2017, mahali alipozaliwa na mahali alipofia, kisha naizima maikrofoni.